Wasiwasi, shaka, kushuku, kutuhumu, kutokuwa na imani: lipi useme, na lini

Tuchukue duka moja la rejareja, la mchele, sukari, sabuni na vocha. Mwenye duka amefunga hesabu za wiki, na fedha iliyomo kwenye droo haifikii mauzo yaliyoandikwa daftarini. Muuzaji ni kijana mmoja, tumwite Juma. Usiku huo mwenye duka anaweza kumwambia mkewe lolote kati ya haya, na yote ni Kiswahili safi:

"Mama Asha, nina wasiwasi na Juma."
"Nina shaka na hesabu za Juma."
"Namshuku Juma."
"Namtuhumu Juma."
"Simwamini tena Juma."
"Sina imani tena na Juma."

Kamusi za lugha mbili huyarundika maneno haya mahali pamoja, msomaji akabaki kuchagua kwa kubahatisha. Mama Asha hajafungua kamusi, lakini kila sentensi ataijibu kwa namna yake. Kwa ya kwanza atasema, "Ngoja tuone kesho." Kwa ya pili ataomba aletewe daftari. Kwa ya tatu atauliza, "Umeona nini?" Kwa ya nne, "Umeshamwambia?" Ya tano huenda akaijibu kwa kuguna tu, maana hata yeye alikuwa na yake moyoni. Ya mwisho hataulizia kitu. Atataka kujua Jumatatu nani atakaa dukani.

Majibu hayo ndiyo kipimo ninachokitumia ninapochagua neno. Je, hali hii iko moyoni mwa msemaji tu, au imeshikwa na jambo? Imeelekezwa kwa kitu, au kwa mtu? Imetamkwa mbele ya watu, au bado? Ukitoka kwenye wasiwasi ukaelekea kwenye tuhuma, kila hatua inakudai ushahidi zaidi.

Wasiwasi na shaka

Wasiwasi ni mali ya mwenye nao. Neno limetoka kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni mnong'ono, ule wa Shetani unaotajwa katika sura ya 114, ya mwisho kabisa ya Qurani. Wapwani wakisema fulani ana wasiwasi wa udhu, wanamsema yule anayeosha mguu, akahisi maji hayajafika kisiginoni, akarudia, akahisi tena, akarudia tena, jamaa wakafika rakaa ya pili yeye bado yuko bombani. Hakuna aliyemwambia udhu wake una kasoro. Wasiwasi hauhitaji sababu ya nje, hujilisha wenyewe. Ndiyo maana neno hilo hilo lilipochukuliwa na watu wa afya ya akili, wakasema ugonjwa wa wasiwasi, halikuonekana geni kwa mtu.

Kwa hiyo "nina wasiwasi na Juma" ndiyo kauli laini kuliko zote. Unaweza hata kumwambia Juma mwenyewe: "Juma mwanangu, hizi hesabu zinanipa wasiwasi," na mkaendelea kula sahani moja. Udhaifu wake ni kwamba ina nyuso mbili. Mama akisema ana wasiwasi na mtoto wake, hakuna anayefikiri anamshuku mtoto, anamhofia. Juma naye akiwa ametumwa Kariakoo kufuata mzigo na saa tatu usiku hajarudi, sentensi ile ile itakuwa ya huruma. Ukitaka isikike upande mmoja, kitaje kinachokusumbua: wasiwasi juu ya mwenendo wake, wasiwasi juu ya usalama wake.

Kuna msemo wa mitaani Tanzania, "wasiwasi ndio akili," na unasemwa kwa kusifu: mwenye kuhesabu chenji mara mbili haonekani mgonjwa, anaonekana mjanja. Ni neno pekee katika kundi hili ambalo watu hujivunia kuwa nalo. Sijasikia mtu akijisifu kwa tuhuma.

Shaka haliwezi kuelea hewani hivyo. Linataka jambo la kushika, jambo ambalo lina jibu hata kama jibu halijapatikana. Mfano mzuri kuliko wote ni siku ya shaka, ile siku ya 30 ya mwezi wa Shaabani pale mwezi mwandamo unapokuwa haujathibitika. Ramadhani ama imeingia ama haijaingia. Hakuna anayelaumiwa, na hakuna moyo unaonong'ona. Kinachokosekana ni taarifa. Katika Biblia pia, Petro anapoanza kuzama ziwani, anaulizwa: "Ewe mwenye imani haba, mbona uliona shaka?" Jambo lililokuwa mezani lilikuwa moja tu, kama maji yatamchukua au hayatamchukua.

Ndiyo sababu sentensi ya pili ya mwenye duka ni nzuri zaidi kuliko ya kwanza kama nia yake ni kujua ukweli. Amelitia shaka lake kwenye hesabu, hajalitia kwenye utu wa Juma. Pengine kuna mkopo ulioandikwa pembeni ya daftari. Pengine ni kosa la kujumlisha. Shaka linaruhusu hayo yote.

Tahadhari moja ya sarufi. Wasiwasi hauna wingi na hufuata upatanisho wa u: wasiwasi wangu umekwisha. Shaka, kwa kamusi, ni la ngeli ya li-ya: shaka hili, mashaka haya. Lakini wengi, hata wanasheria, husema "pasipo shaka yoyote" badala ya "shaka lolote", na sauti hiyo imeshazoeleka kiasi kwamba anayesahihisha ndiye anayeonekana msumbufu. Mimi huandika lolote, na sikorofishani na anayeandika yoyote. Jihadhari zaidi na wingi wenyewe. Mashaka yanaweza kuwa shaka nyingi, na yanaweza kuwa taabu na dhiki, na maana hii ya pili ndiyo iliyowapa watu jina: Mashaka utamkuta Tanzania pamoja na Shida na Tabu, watoto waliozaliwa wakati mgumu. "Ana mashaka na ndoa yake" na "ana mashaka katika ndoa yake" ni habari mbili tofauti, na kinachozitenganisha ni kiunganishi kidogo tu.

Kutia, kutilia, na "bila shaka"

Hapa ndipo penye makosa mengi, hata kwenye magazeti. Kitu hutia shaka. Mtu hukitilia shaka. Vyeti vinatia shaka, ofisa anavitilia shaka, vyeti vinatiliwa shaka. Ukiandika "ofisa anatia shaka vyeti" umeacha msomaji nusu njia, na ukiandika "ofisa anatia shaka" tu, umemgeuza ofisa kuwa ndiye mwenye kasoro. Benki hutoa taarifa za miamala inayotiliwa shaka. Mwamala wenyewe ndio unaotia shaka. Herufi mbili tu ndizo zinazoamua nani anatazama na nani anatazamwa.

"Bila shaka" nayo imefanya safari ya ajabu. Kwa sura yake inamaanisha hakuna shaka hata chembe. Ukiulizwa kama utahudhuria harusi ukajibu "bila shaka", umekubali kabisa. Lakini mgeni akiingia jioni ukamwambia, "Bila shaka umeshakula njiani," hapo hujui kama amekula. Unakisia, na pengine unaomba awe ameshakula. "Bila shaka atakuwa amefika Morogoro sasa" ni makisio matupu. Kwa maandishi yanayohitaji uhakika, basi, usiitegemee. Sema "ni hakika" au "hapana shaka", ambazo bado zina nguvu yake ya zamani.

Wakenya wana jirani wa shaka ambaye Watanzania humtumia kwa nadra: tashwishi. "Sina tashwishi kwamba tutashinda," atasema mwanasiasa au mtangazaji wa Nairobi, na msikilizaji wa Dodoma ataelewa ingawa mwenyewe asingesema hivyo. Asili yake ni Kiarabu pia, neno la kuchanganyikiwa, na bado lina harufu hiyo: tashwishi ni ya kichwa, ya hoja na matokeo. Kumwambia mtu "nina tashwishi nawe" hakukai vizuri. Kama wasomaji wako wako pande zote mbili za mpaka, shaka linatosha.

Kushuku, kuhisi, kushtukia

Kushuku ndiko kuvuka mto. Ni mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa shaka, lakini kitenzi hiki kinamkamata mtu moja kwa moja, bila kiunganishi katikati. Huna shaka na Juma tena, unamshuku. Sentensi ina mtendaji na mtendwa, na Mama Asha ana haki ya kuuliza umeona nini.

Hata hivyo kushuku bado ni kwa ndani. Unaweza kumshuku mtu miaka na asijue. Ukimwambia, tayari umeanza jambo lingine.

Tanzania Bara, katika mazungumzo ya kawaida, watu wengi hawasemi "namshuku". Husema "namhisi" au "nahisi ni yeye". Mwanamke anayemhisi mumewe ana nyumba ndogo hana ushahidi, lakini ana kitu zaidi ya wasiwasi: simu inayopokelewa nje, harufu, safari za ghafla. Kuhisi kuna faida ya upole, kwa kuwa kitenzi hicho hicho ndicho cha kuhisi baridi na kuhisi njaa. Hospitalini pia utasikia mgonjwa anayehisiwa kuwa na kipindupindu, na hilo nalipenda kuliko "mshukiwa wa kipindupindu", linalomfanya mtu anayeharisha aonekane ametoroka rumande.

Kama unaandika kwa ajili ya Kenya, usiogope kushuku. Huko ni neno la kila siku, mtaani na kwenye taarifa ya habari.

Kuna kituko kimoja cha kauli ya kutendwa. Anayeshukuwa ndiye anayeshukiwa, kwa desturi ya matamshi yetu, na hapo neno linagongana na kitenzi kingine kabisa, kushuka. Kanisani mtu aliyeshukiwa ameshukiwa na Roho Mtakatifu; kituo cha polisi ameshukiwa na askari. Muktadha huokoa karibu kila mara, ila kwenye kichwa cha habari chenye maneno matatu, "Mchungaji ashukiwa Mbeya," msomaji atahitaji kufungua ukurasa ajue ni furaha au ni msiba.

Chini kidogo ya kushuku, kwa lugha ya vijiweni, kuna machale. "Machale yalinicheza" husemwa na mtu aliyehisi hatari kabla haijaonekana, na ukikumbuka kwamba chale ni ile mikato ya wembe inayopakwa dawa ya kinga, picha inajieleza. Machale hayamlengi mtu wala hayadai ushahidi. Ni onyo tu. Kushtukia ni hatua ya mbele yake: umeshauona mchezo. Ukipokea ujumbe wa simu kutoka namba usiyoijua, "ile hela tuma kwenye namba hii," na siku hiyo kweli ulikuwa unataka kumtumia fundi pesa, machale yatakucheza. Ukigundua kwamba fundi hajabadilisha namba, umewashtukia. Usiseme "nimewatuhumu", kwa kuwa hujui hata ni akina nani.

Kutuhumu

Tuhuma hazikai moyoni. Zimeshatoka mdomoni au zimeshaandikwa, zina jina la mtu, na zina kosa. Ndiyo sababu Mama Asha aliuliza, "Umeshamwambia?" Kwa haki, mwenye duka aliye chumbani na mkewe anamshuku Juma, atamtuhumu kesho asubuhi mbele ya wateja, kama hakuzuiwa. Mtu anayesema "moyoni mwangu nilimtuhumu" ameazima neno la sokoni akalipeleka chumbani.

Sifa nyingine ya tuhuma ni kwamba zinajibiwa. Mtu hukanusha tuhuma, hujibu tuhuma, husafishwa na tuhuma, hujiuzulu kwa tuhuma. Edward Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu wa Tanzania mwezi Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, kilichokuwa kimesomwa bungeni zilikuwa tuhuma. Huwezi kukiita wasiwasi kitu kilichosomwa mbele ya Spika, na huwezi kukiita hatia kitu ambacho mahakama haijakigusa. Hakuna mtu hukanusha wasiwasi wa mwenzake, wala shaka halijibiwi kwa mkutano wa waandishi wa habari.

Angalia lisichanganywe na shutuma. Maneno haya mawili yanafanana masikioni na huandikwa moja badala ya jingine kila wiki. Shutuma ni lawama kali juu ya jambo ambalo hakuna anayebisha kwamba limetokea: serikali ilishutumiwa kwa kuchelewesha chakula cha msaada. Tuhuma ni madai kwamba jambo limetokea na fulani ndiye mtendaji: ofisa ametuhumiwa kuuza chakula cha msaada. Ukimwandika mtu "ameshutumiwa kuiba", umeshasema ameiba na watu wamemkemea. Kwa mwandishi wa habari hilo linaweza kuwa jambo la wakili.

Sasa majina ya watu. Kenya, anayetafutwa au kukamatwa na polisi ni mshukiwa. Tanzania, huyo huyo ni mtuhumiwa: "Jeshi la Polisi linawashikilia watuhumiwa watatu." Akishasomewa mashtaka, pande zote mbili anakuwa mshtakiwa. Ukiniuliza lipi bora kwa yule ambaye bado yuko mikononi mwa polisi, nitachagua mshukiwa, ingawa ni la majirani. Mtu aliyekamatwa usiku kwa kuwa alikuwa karibu na tukio pengine hajatuhumiwa na yeyote. Polisi wanamshuku tu. Mtuhumiwa linamaanisha yupo aliyemnyooshea kidole. Magazeti ya Tanzania yameshazoea vingine na sitegemei yabadilike, lakini mtafsiri wa nyaraka za kisheria ana sababu ya kuyatenganisha matatu haya.

Sababu hiyo imekuwa na uzito zaidi tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Ya Kenya ya 2010 inatoa haki hiyo hiyo katika ibara ya 50. Mahakamani, upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka. Tazama neno lililochaguliwa hapo. Wasiwasi wa hakimu hauhusiki. Shaka, lile lenye jambo la kushika, ndilo linalomwachia mtu huru, na kwa hiyo katika chumba cha mahakama shaka ni rafiki wa mshtakiwa, wakati tuhuma ni adui yake. Mtafsiri aliyeyaweka yote mawili chini ya neno moja ataipindua hukumu.

Magazeti yana njia ya kujikinga: "anadaiwa kuiba". Ni halali, lakini neno hilo ndilo la deni pia, na limetumika mno. "Juma anadaiwa shilingi laki mbili" ni mkopo au wizi? Andika "anatuhumiwa kuiba" kama kuna anayemtuhumu, na useme ni nani. Kama hakuna anayeweza kutajwa, labda habari yenyewe haijaiva. Najua watu watanijibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Hiyo ni methali ya barazani, na barazani hakuna wakili.

Dhana, kwa kifupi

Vitabu vya shule vimeliteka neno hili. Mwanafunzi akisikia dhana anafikiri dhana ya fasihi, dhana ya maendeleo; anafikiri wazo. Maana ya zamani, ya kumkisia mtu ubaya, imebaki hai zaidi misikitini na barazani, kwa msukumo wa aya ya 12 ya sura ya 49, inayowataka waumini wajiepushe na dhana nyingi kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Nje ya hapo, ongeza sifa ili ueleweke: dhana mbaya, dhana potofu. Kitenzi kina tabia yake: "nilimdhania mwizi" karibu kila mara husemwa na mtu aliyekwisha kujua kwamba hakuwa mwizi. Kama bado unaamini ni mwizi, usidhanie. Na andika dh, la sivyo umempa msomaji zana, akaenda kutafuta jembe.

Imani na kukosekana kwake

Sentensi mbili za mwisho za mwenye duka zinaonekana pacha. Hazilingani uzito.

"Simwamini" ni ya kila siku na ina maana mbili zilizolala kitanda kimoja: sikubali anachosema, au sithubutu kumkabidhi kitu. Unaweza kutomwamini Juma anaposema umeme ulikatika jana na bado ukamwachia funguo za duka. Halafu kuna mtego wa nafsi na wakati: "Sikuamini." Je, mimi nisiye na imani nawe leo, au mimi niliyeshangaa jana? Kwa herufi haijulikani. Ukitaka ya kwanza, sema "sikuamini wewe" au "sina imani nawe". Ukitaka kutokumwamini mtu wakati uliopita, itakuwa "sikukuamini", na hapo ku ya pili ndiyo yeye.

"Sina imani naye" ni nzito zaidi na inasikika kama uamuzi. Haidai kwamba Juma ameiba. Haimtuhumu kwa lolote. Inasema uhusiano umefika mwisho wake, na msemaji hana deni la kuthibitisha, maana anazungumzia imani yake mwenyewe. Linganisha na "Juma si mwaminifu": hii inahusu tabia ya Juma, na kwa kweli ni tuhuma iliyovaa kanzu. Wengi huiandika kwenye barua za kazi wakidhani wameandika kitu laini.

Kwa sababu hiyo Bunge ndilo lililoichukua kauli hii. Ibara ya 53A ya Katiba ya Tanzania inaweka utaratibu wa kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu: hoja itiwe saini na wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wote, na taarifa itolewe kwa Spika angalau siku 14 kabla. Mwezi Aprili 2012, mbunge Zitto Kabwe alipokusanya saini dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, kura haikupigwa, lakini mwezi uliofuata baraza la mawaziri likapanguliwa, na Pinda akabaki hadi 2015. Jaribu kuweka neno lingine katika jina la kura hiyo. Kura ya shaka? Ingekuwa kichekesho. Kura ya tuhuma? Ingegeuka kesi. Kura ya wasiwasi ingepita kila siku bila kupingwa.

Upungufu wa neno imani ni wingi wa maana zake. Pwani hasa, imani ni huruma pia: mtu asiye na imani ni katili, yule anayempiga punda mgonjwa. Mzee wa Unguja akisema "hana imani yule", usikimbilie kufikiri habari ya dini wala ya fedha. Kwa hiyo kiunganishi ni cha lazima: hana imani (hana huruma), hana imani naye (hamwamini). Na pale inapohusu dini, "asiyeamini" ndilo linalotosha.

Kama kutoaminiana kuko pande mbili, hakuna neno jingine lolote katika orodha linaloweza kazi hiyo. Watu hushukiana na kutuhumiana, ndiyo, lakini hivyo ni vitendo vya siku moja moja. Kutoaminiana ni hali ya kudumu. Zanzibar ndiyo mfano ulio karibu. CCM na CUF ziliweka saini muafaka mwaka 1999, ukavunjika; zikaweka mwingine Oktoba 2001; na haikuwa mpaka kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ndipo mlango wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa ulipofunguka. Tuhuma mahususi, za daftari la wapiga kura na za matokeo, zilijibiwa moja moja na bado hali haikuisha, kwa sababu kilichokuwepo kilikuwa kikubwa kuliko jumla ya tuhuma. Mwandishi anayeita hali ile "shaka kati ya vyama" ameipunguza. Anayeiita "tuhuma kati ya vyama" ameigawa vipande.

Tahajia: utakuta kutoaminiana na kutokuaminiana. Zote zinaeleweka. Mimi hubakiza ku kwa vitenzi vifupi, kama kutokula na kutokuwa, na kwa kitenzi kirefu kama hiki naiacha, ndiyo maana nimeandika kutoaminiana hapa mwanzo mpaka mwisho.

Tumrudishie mwenye duka kalamu. Akitaka kumwandikia Juma barua, aandike kwamba hesabu za wiki fulani zinatia shaka na kwamba anahitaji maelezo yake kwa maandishi. Asiandike "nakutuhumu" mpaka awe na mteja, risiti au jirani atakayesimama naye. Kama hana lolote kati ya hayo na bado hataki Juma aendelee, amlipe haki zake na aseme hana imani naye tena. Na kama anamwandikia mama yake Juma kijijini, ambaye ni shangazi yake kwa upande wa baba, basi wasiwasi unatosha: "Shangazi, shikamoo. Nina wasiwasi kidogo na huyu mdogo wangu, naomba uzungumze naye." Shangazi ataelewa yote.